Dakika Tano za Papa Gidi

Alikuwa na mwavuli wa kijani ambao katika safari zetu zote sikuwahi kuuona umefunguliwa. Mvua ya Brussels ni manyunyu ya kero, hayakulowanishi mara moja, yanakuingia kidogo kidogo mpaka kwenye soksi, na yeye alitembea ndani yake huku ameunyanyua ule mwavuli juu ya kichwa, umefungwa na kamba yake, maji yanamchuruzika puani. Sisi tulimfuata. Ukimuuliza kwa nini asiufungue, alikujibu kwamba mwavuli ukifunguliwa unakinga mtu mmoja, ukifungwa unaongoza watu ishirini na watatu.

Watu wa Matonge, mtaa wa Waafrika pale Brussels, walimwita Papa Gidi. Gidi ni Kifaransa cha kiongozi wa watalii kilichopikwa mtaani kwetu mpaka kikaiva, na papa ni heshima ambayo Wakongomani humpa mwanamume yeyote mwenye mvi, hata asiyestahili. Huyu hakustahili. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nimekaa hapa kumlilia. Nimemjua miaka kumi na mmoja, nimekula naye, nimecheka naye mpaka mbavu zikaniuma, na kwa miaka tisa kati ya hiyo nimemchukia. Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake. Nilitaka akubali kwamba siku ile, Bruges, alimwona mama yangu akiingia kanisani, na akanyamaza makusudi. Basi. Hata pole sikuihitaji.

Kazi yake ilikuwa kuwatembeza watu wetu Ulaya. Kila Jumamosi basi dogo jeupe lilisimama nyuma ya Galerie d'Ixelles, ule ujia wa maduka na saluni za kusuka, na ofisi yake ilikuwa kiti kimoja cha plastiki ndani ya saluni ya binamu yake. Hapo aliandika majina. Wateja walikuwa kina mama waliokuja kuwauguza binti zao uzazi, wachungaji waliokuja kwenye semina, wanafunzi wa Kitanzania na Kikenya, na Warundi waliokuwa wakimbizi zamani, ambao sasa wana likizo ya kulipwa na hawajui waipeleke wapi. Leo Ghent na Bruges, wiki ijayo Amsterdam, nyingine Cologne, Paris mwisho wa mwezi. Mimi nilijiunga nikiwa mke wa mwanafunzi, nikaendelea hata nilipoacha kuwa mke wa mtu na kupata kazi ya kuhudumia wagonjwa katika hospitali moja kubwa kule Jette.

Kabla gari halijaondoka alihesabu vichwa kwa Kifaransa, akigonga kila kiti kwa ncha ya mwavuli. *Un, deux, trois*, mpaka *vingt-trois*, ishirini na tatu. Kisha aligeuka akatusomea sheria.

"Bon. Mi nikisema saa kumi, ni saa kumi. Nitawaongezea dakika tano, sababu muko Baafrika, Mungu aliwaumba na dakika tano ya juu. Ya sita, tunaenda. Basi haingoji muntu."

Na kweli hakungoja. Antwerp alimwacha mke wa mwanadiplomasia ndani ya duka la viatu, mguu mmoja umevaa, mwingine haujavaa. Amsterdam aliwaacha wanafunzi wawili waliokuwa wakibishana njia. Wote walirudi kwa treni wamefura kwa hasira, na baada ya mwezi walikuwa wakisimulia wenyewe na kucheka. Walikuwa vijana, wana simu, wana kadi ya benki, wanajua kusoma ubao wa treni. Tulisema Papa Gidi ni kiboko. Nami nilisema.

Alikuwa na dharau mbili, moja kwa Wazungu na moja kwetu, na hukujua ipi itatangulia kutoka. Wageni aliwapeleka kwanza kwenye ile sanamu ya Brussels ya mtoto anayekojoa. Aliwatembeza nusu saa juu ya mawe akiisifia, akisema twende tukaone kitu ambacho dunia nzima inapanda ndege kuja kukiona. Ukifika unakuta kisanamu cha kimo cha jogoo.

"Haya, pigeni foto," alisema. "Muliuza ng'ombe, mukavuka bahari, muone mutoto wa shaba anakojoa. Pigeni. Mutaonesha watu nyumbani."

Cologne alitusimamisha kwenye taa nyekundu ya waenda kwa miguu. Barabara tupu, hakuna gari, hakuna hata baiskeli. Wajerumani wamesimama, nasi tumesimama. "Munaona hawa bantu?" akanong'ona. "Banaweza kungoja taa. Mama yao akizeeka, hawamungoji, banamutupa kwa nyumba ya wazee." Tukacheka. Papo hapo Mrundi mmoja akavuka, na Papa Gidi akamshukia mbele za watu: "Weye! Unataka baseme sisi banyama?" Mrundi wa watu akarudi nyuma, akasimama na Wajerumani, kichwa chini.

Alijua kila kitu kuhusu hawa watu, hilo simnyimi. Brussels unabusiwa shavu mara moja, Paris mara mbili, Amsterdam mara tatu, na ukikosea hesabu utambusu mtu pua. Paris ukiingia dukani bila *bonjour* hata uwe na pesa za kununua duka zima hutahudumiwa. Usimtembelee Mbelgiji bila miadi, atakufungulia mlango akiwa na uso wa mtu aliyevamiwa. Jumapili usitoboe ukuta kwa mashine, jirani ataita polisi. Alitufundisha yote hayo, ila kwa njia yake: alikuacha ukosee kwanza. Alisimama pembeni na mwavuli wake akikutazama unavyoaibika, ndipo akaja kukueleza. "Sasa hutasahau," alisema, na kweli hukusahau, kwa sababu watu ishirini na wawili walikuwa wamekucheka.

Kulikuwa na mchungaji mmoja kutoka Dodoma, mtu mzima, mpole, suti ya kijivu. Alisinzia njiani. Tulipofika Antwerp, Papa Gidi akamwamsha kwa sauti ya upole kabisa, akamwambia tumefika Roma. Mchungaji akashuka, akaliona lile kanisa kubwa na mnara wake, akatoa machozi. Akapiga simu nyumbani. Akawaambia waumini wake waweke simu kwenye spika, akawaombea baraka kutoka Roma, sauti inatetemeka, na sisi nyuma yake tumeibana midomo. Papa Gidi hakumwambia siku nzima. Alimwambia jioni, kwenye basi, kwa kipaza sauti.

Nilicheka siku ile mpaka nikajikojolea kidogo. Nalisema hilo kwa sababu lina mahali pake huko mbele.

Na kojo lenyewe Ulaya linalipiwa, alipenda kutukumbusha. Vyoo vya miji ya watalii vina mtu mlangoni au kitundu cha kutumbukiza sarafu, bila sarafu hupiti. Kwa hiyo alikuwa na kopo la biskuti limejaa sarafu, lipo chini ya kiti chake, na akina mama waliokuja kutoka nyumbani bila chenji walimwomba. Lakini ilikuwa lazima useme tafadhali kwa Kifaransa, kwa sauti, basi zima lisikie. Alikuwa anaweka mkono sikioni. "Sijasikia, mama. *S'il vous plaît* gani hiyo? Rudia." Niliona bibi wa Kikenya wa miaka sabini akirudia mara nne.

Halafu mtu huyo huyo alikuwa na mfuko wa dawa za kichwa, sukari na plasta, na akiona mtu amepauka alimkimbilia kabla mwenyewe hajajua kwamba anaumwa. Ule mnara mkubwa wa Bruges wenye ngazi zisizokwisha, mama mmoja wa Kirundi aliishiwa pumzi katikati. Papa Gidi alimbeba mgongoni mpaka chini, yule mama mnene, na yeye mwenyewe mtu mwembamba mwenye miguu ya korongo. Hakukubali hata kushukuriwa. Na yeye aliyetuhubiria dakika, Matonge hakuwahi kufika popote kwa wakati. Kutoka mlango wa Galerie mpaka kwenye kiti chake cha plastiki ni hatua arobaini, na alizitumia saa nzima kwa kusalimia. Ubatizo alifika wakati wa kufagia. Tulimtania, naye alijibu, "Matonge si Ulaya, mutoto wangu. Hapa ninapumzika."

Mimi aliniita Tanzanie. "Tanzanie, weye unaongea kama radio. Ongea kama muntu." Nami nilimwambia yeye anaongea kama gari lililokatika breki. Tulielewana. Pengine ndiyo maana nilimkabidhi mama yangu.

Mama alikuja kutoka Muheza kwa wiki tatu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege na ilikuwa ya mwisho. Nilikuwa nimemwahidi kumpeleka Bruges mwenyewe, nikapata zamu ya ziada hospitalini, nikaichukua. Nikamwandikisha kwa Papa Gidi. Na asubuhi ile, huku nimeinama kumfunga skafu, maana alikuwa mfupi, nilimpa amri zangu. Mama, usisalimie watu njiani, huku hawasalimiani. Mama, usikae kae ovyo. Mama, usiombe ombe vitu, kila kitu kimeshalipiwa. Mama, tafadhali, usinitie aibu. Aliitikia, "Haya mwanangu," kila mara, kama mtoto anayepelekwa shule. Ningeweza kurudisha neno moja maishani mwangu, ningelirudisha hilo la aibu.

Yaliyotokea nimeyaunganisha kutoka kwa Mama na kwa mwanafunzi mmoja wa Kikenya aliyeketi jirani naye kwenye basi.

Njiani Papa Gidi alihubiri kuhusu misiba. Alisema Mzungu akifa hakuna kelele, wanatuma barua. Kama hukupata barua, maiti huyo si wako, usiende. Mama akamgeukia Mkenya akamuuliza, "Barua? Na aliyekufa naye anangoja posta?" Watu wakacheka. Kwa mara ya kwanza aliyechekwa hakuwa abiria, na Mkenya aliniambia Papa Gidi alitabasamu, lakini hakupenda.

Bruges aliwapa saa moja na nusu ya kujitembeza, kisha wakutane kwenye maegesho ya mabasi saa kumi. Mama alikuwa amebanwa tangu Ghent. Hakuomba sarafu. Alimsikia mwenzake mmoja wa kiti cha mbele akilazimishwa kuirudia mara tatu ile *s'il vous plaît*, akaona bora avumilie. Isitoshe, mwanawe alikuwa amemkataza kuomba. Akatembea na wenzake. Wakapita mbele ya kanisa dogo, na nje palikuwa na gari refu jeusi, watu wamevaa nyeusi, mwanamke mzee anashikiliwa mikono huku na huku. Wenzake wakapiga picha ya mlango, wakapita. Mama yangu akasimama.

Sasa, mtu wa Muheza hapiti msiba. Mama alikuwa Muislamu wa swala tano, na kanisani hakuwahi kuingia, lakini aliniambia hivi: "Nilimwona yule bibi mwenzangu amefiwa. Ningepitaje? Ningekwenda kutazama maboti ya watalii?" Akaifungua kanga yake ya manjano, akajitanda kichwani juu ya koti, akaingia, akakaa nyuma. Waliposimama watu, alisimama. Wakapanga foleni kulipita jeneza, naye akapanga. Akapewa kadi ndogo yenye picha ya marehemu, babu mmoja mwenye masikio makubwa, anacheka. Kila mtu alidhani ni wa mwenzake. Labda walidhani alimhudumia mzee wao hospitalini, maana huku mzee wa Kizungu mara nyingi huoshwa na mwanamke mweusi. Mjane akamshika mkono, akalia. Mama naye akalia. Wakamchukua kwenye ukumbi wa pembeni, wakamkalisha, wakampa kahawa na mkate. Wa nyama ya nguruwe akauweka kando, akala wa jibini, na choo akaona haya kuuliza.

"Walinikaribisha vizuri," aliniambia. "Watu wale wana adabu ya msiba. Hawajui kulia tu."

Alipotoka ilikuwa saa kumi na dakika kumi na tano.

Mimi nilikuwa nasubiri nyuma ya Galerie, nimenunua samaki wa kumpikia. Basi likaja saa kumi na moja na nusu. Nikahesabu wanaoshuka. Ishirini na wawili.

"Papa, Mama yuko wapi?"

"Alichelewa."

"Alichelewa vipi? Hana simu! Hajui neno hata moja!"

"Tanzanie, sheria uliijua. Basi haingoji muntu." Akafunga kamba ya mwavuli.

Nilikimbilia treni na samaki mkononi. Nilimkuta saa moja jioni, kwenye maegesho ya mabasi, pale pale, ameketi wima kwenye benchi, manyunyu yanamnyeshea, ile kadi ameikumbatia ndani ya kanga isilowane. Kwa muda wa karibu saa tatu nzima hakuondoka kwa sababu aliogopa basi likirudi lisimkute. Choo kilikuwa ng'ambo ya barabara, kina kitundu cha sarafu. Nilimrukia, nikataka kumkumbatia, akanyoosha mkono kunizuia.

"Usiniguse, mwanangu," akasema. "Mimi si safi."

Mama yangu, ambaye Muheza majirani walimtania kwamba anafua hata kamba ya kuanikia. Alirudi Brussels amesimama kwenye treni tupu, hakukubali kukaa kwenye kiti cha watu. Kesho yake akaomba nimbadilishie tiketi ya ndege. Alikaa siku nne tu zaidi, na hakutoka nje.

Kabla Mama hajaondoka, yule Mkenya alinipigia. "Auntie, honestly, nimeshindwa kulala. Papa alimwona. Alikuwa amesimama across the street, mwavuli juu, anaangalia mlango wa kanisa. Nikamwambia, Papa, huyo ni mama yetu ameingia. Akaniwekea kidole mdomoni."

Nilikwenda saluni. Kulikuwa na wanawake sita kwenye viti, vichwa nusu vimesukwa. Nikamwambia mbele yao wote, Papa, ulimwona. Alinyanyua mikono miwili.

"Sikumuona. Haki ya Mungu, sikumuona."

"Mkenya anasema ulimwona."

"Mukenya aseme na Mukenya. Mi nilikuwa nanunua sigara. Tena mama yako si mutoto, Tanzanie. Kama anataka kulilia maiti ya bazungu, alie, lakini atazame saa."

Wale wanawake walicheka. Nasema ukweli wa Mungu, walicheka, kama nilivyocheka mimi kwa mchungaji wa Dodoma, kicheko kile kile. Mmoja alisema, "Mama wa watu aliona msiba akaona pilau!" Nikatoka. Nilirudi baadaye, maana nywele hazijisuki, na kila niliporudi alinisalimia kwa furaha, "Tanzanie! Habari ya kazi?" nami niliitikia, "Nzuri, Papa." Miaka tisa. Nilikuwa namtazama nikisubiri siku atakayochoka kusema uongo.

Wapo waliomtafutia sababu. Walisema naye zamani aliachwa mahali fulani, wakati wa vita, lori likaondoka bila yeye, au bila mtu wake, kila msimuliaji na lori lake. Inawezekana. Sikutaka kuijua sababu hiyo na bado siitaki. Aliyeachwa ndiye angepaswa kujua kungoja.

Mama alifariki mwaka jana, nyumbani Muheza, kwa malaria na uzee. Huko hakuwahi kumwambia mtu yaliyompata. Nilipowauliza aliwasimulia nini juu ya Ulaya, walisema aliwaambia kuna mkate mzuri na watu wanajua kumpokea mgeni msibani. Tulipofungua sanduku lake tukakuta, kati ya kanga mpya, ile kadi. Shangazi akaigeuza geuza. "Huyu Mzungu ni nani?" Chumba kizima kikanitazama kama niliyeficha baba wa kambo. Nikasema ni mtu ambaye Mama alimzika. Nikaichukua, nikarudi nayo Brussels, na nikajua nitaipeleka kwa nani.

Papa Gidi alikuwa hayuko tena kwenye kiti cha plastiki. Binamu yake alikuwa amempeleka katika nyumba ya wazee, Berchem-Sainte-Agathe. Nilipoambiwa nilikumbuka taa nyekundu ya Cologne na, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Nilikwenda baada ya zamu. Mhudumu wa pale, binti wa Kikongomani, alinipeleka kwenye ukumbi wa kulia. "Papa hasumbui," akasema. "Anahesabu tu, kutwa." Alikuwa ameketi dirishani, anatazama maegesho ya magari, amekonda mpaka masikio yamekuwa makubwa, koti lake la safari mwilini na mwavuli wa kijani katikati ya magoti. Wazee wengine walikuwa kwenye viti vyao wanasinzia mbele ya kahawa ya mchana.

"Shikamoo, Papa. Mimi Tanzanie."

Hakunijua. Nikamwekea kadi mkononi. "Unakumbuka Bruges? Mama yangu?"

Aliitazama picha. "Huyu hayuko kwa listi," akasema, akanirudishia. Nikaona nimekuja bure. Nikaanza kufunga koti langu.

Ndipo akasimama, akaanza kugonga viti vya wale wazee kwa ncha ya mwavuli. *Un, deux, trois.* Mmoja akashtuka, mwingine akatukana Kiflemi. *Vingt-et-un, vingt-deux.* Akasimama. Akarudia kuanzia mwanzo, nami nikahesabu naye kimoyomoyo. *Vingt-deux*, ishirini na wawili.

"Bado moja," akasema.

"Nani, Papa?"

"Ule mama wa kanga ya manjano." Aliongea kwa kero, kama mtu anayeulizwa jambo la wazi. "Aliingia kwa kanisa, kwa mazishi ya bazungu. Nilimuona na macho yangu mbili. Nikasema, acha ajifunze, asubuhi alinicheka." Akacheka kidogo. Akageukia dirisha. "Lakini anakawia sana. Na mvua hii. Na hata feza ya choo sikumupatia." Akanishika mkono wa koti, kama mimi ndiye dereva. "Chauffeur, *pardon*, tungoje. Tumungoje ule mama."

Hapo ndipo nilipokuwa nimetaka kufika kwa miaka tisa. Nilikuwa nimefika. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na mimi kazi yangu ni kushika mikono kama hiyo. Najua la kusema, nalisema kila siku kwa watu nisiowajua. Anakuja, Papa. Ameshafika, Papa, kaa chini. Maneno mawili tu, na angelala usingizi.

Nikatazama saa ya ukutani.

"Nakupa dakika tano, Papa," nikasema.

Nilikaa nazo zote tano. Alisimama dirishani, pumzi yake inafanya ukungu kwenye kioo, anaufuta kwa kiganja, anatazama, anaufuta. Gari moja liliingia, akanyooka; akashuka mwanamume na mbwa. Mimi nilikuwa namwangalia yeye tu. Mshale ulipofika nikainuka.

"Zimekwisha. Tunaondoka."

"*Non, non*, mama, ngoja kidogo, eko anakuja, iko nyuma ya ile nyumba..."

"Basi haingoji muntu, Papa." Nililisema kwa Kiswahili chake, kwa sauti yake, nalijua vizuri.

Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mtu mzima yule. Binti wa Kikongomani akaja mbio. "Yaya," akaniita, kwao ni dada mkubwa, "mumemwambia nini?" Nikamjibu kwamba nimemsalimia tu. Nikapita kwenye korido ile nikiwa mwepesi, nikiwa na furaha kabisa, sitasema uongo. Nilimwambia Mama kimoyomoyo: amekiri.

Nje manyunyu yalikuwa yameanza. Ukitoka pale, kufika kituo cha tramu lazima upite chini ya lile dirisha. Sikutaka kutazama, nikatazama. Papa Gidi alikuwa bado amesimama, binti anamvuta akae, hakai. Mwavuli wa kijani ulikuwa umefunguliwa. Ulikuwa mkubwa kuliko nilivyodhania, na hakuwa amejifunika nao. Alikuwa ameunyoosha upande wake wa kulia, mkono mzima umetoka, juu ya mahali ambapo hapakuwa na mtu, kwa kimo cha mwanamke mfupi.

Tramu ikaja. Nikapanda, nikaketi upande ambao dirisha lile halionekani.